Kayaki ya Fremu na Ngozi: Kasoro Zinazojirudia, Vyanzo Vyake na Namna ya Kuzitatua

Kayaki ya fremu na ngozi ni kiunzi cha mbao nyembamba kilichofungwa kwa uzi, kikavishwa kitambaa, kisha kitambaa kikapakwa tabaka lisilopitisha maji. Wainuiti wa Greenland waliivisha ngozi za sili. Leo hutumika nailoni, poliesta au turubai la pamba. Mjenzi wa nyumbani anaweza kuikamilisha kwa msumeno, randa, patasi, sindano na subira. Lakini kasoro zake zinajirudia kwa wajenzi wengi, na nyingi hutafutiwa dawa mahali pasipo.

Ngozi huonyesha kasoro, ila mara nyingi fremu ndiyo iliyoizaa. Mkunjo kwenye kitambaa huweza kutokana na ubao wa ukingo uliopinda, na mvujo unaorudi kila baada ya kuzibwa huweza kutokana na ufito uliovunjika unaosugua kitambaa kwa ndani. Kabla ya kukwangua rangi au kuongeza tabaka, ingiza tochi ndani ya chombo utazame kiunzi chote, kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma).

Tukubaliane juu ya majina ya sehemu. Mbao za ukingo ni zile mbili ndefu za juu. Mihimili hukingama kati yake. Mataruma hushuka kutoka ukingo mmoja, hupita chini na kupanda upande wa pili. Mkuku na fito mbili za ubavuni hufungwa kwenye mataruma kwa nje. Hanamu ni kipande cha ncha ya mbele, fashini cha nyuma. Pete ni duara la mbao linalozunguka tundu la kukalia.

Dalili: taruma linavunjika wakati wa kulikunja

Angalia kwanza limevunjikaje, maana aina ya mvunjiko hutaja chanzo. Likichanika vibanzi upande wa nje wa mkunjo, nyuzi za mbao zimekatika kwa kuvutwa. Likifanya mikunjo midogo upande wa ndani, limebanwa kupita kiasi. Mikunjo hiyo ikiwa midogo sana taruma bado linafaa. Likivunjika ghafla kwa mlio mkavu, mbao ilikuwa kavu mno au mvuke wa kulilainisha haukulifikia.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni nyuzi zisizofuata urefu wa taruma. Lishike mbele ya mwanga ufuate nyuzi kwa kidole pembeni. Zikitoka nje ya ubavu kabla ya kufika mbali, hasa pale panapokunjwa, litupe. Hakuna mvuke utakaoliokoa. Kifundo cha mbao, hata kidogo, ni sababu tosha ya kulikataa. Mbao iliyopasuliwa kwa shoka au kabari hufuata nyuzi zake yenyewe, ndiyo maana ni bora kuliko iliyopasuliwa kwa msumeno. Upande mpana wa taruma uwe sambamba na pete za ukuaji wa mti, ili mkunjo uende kwenye unene wa pete hizo.

Kinachofuata ni ukavu. Mwaloni uliokaushwa kwenye tanuri hukunjika kwa shida hata ukilowekwa siku kadhaa. Tafuta mbao mbichi au iliyokaushwa na hewa tu. Kama huna ila ile ya tanuri, iloweke siku nne hadi saba, na uandae mataruma mengi ya akiba. Hata kwa mbao nzuri, kata theluthi moja zaidi ya idadi unayohitaji.

Halafu kuna mvuke wenyewe. Sanduku la mvuke, ambamo mataruma hulainishwa kabla ya kukunjwa, likae na mvuke mwingi unaotoka waziwazi kwenye tundu lake la kupumulia kabla ya kuingiza taruma hata moja. Bomba refu kutoka kwenye birika hadi sandukuni hupoteza joto. Lifupishe na ulifunge matambara. Kanuni ya mafundi ni saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene, kwa hiyo taruma la milimita 6 hadi 8 halihitaji zaidi ya dakika 15 hadi 20, na mara nyingi hulainika mapema. Kuliacha muda mrefu zaidi hakuliongezei ulaini; mbao nyembamba ikipikwa sana huanza kuwa dhaifu.

Mwisho ni mikono inayochelewa. Taruma jembamba hupoa haraka sana likitoka sandukuni. Likunje kwanza hewani kwa mikono yenye glavu, kwa mwendo mmoja usiosita, lizidi kidogo umbo unalolitaka, ndipo uliingize kwenye matundu ya ukingo. Ukisita katikati, umelipoteza. Kama bado yanachanika upande wa nje, weka utepe mwembamba wa chuma nje ya mkunjo na uukaze ncha zote mbili. Utepe hubeba mvuto ambao ungezikata nyuzi.

Taruma lenye ufa usiozidi robo ya unene wake unaweza kulizungushia uzi wenye nta na gundi. Zaidi ya hapo, libadilishe sasa. Kulibadilisha baada ya kuvisha ngozi ni kazi ya kufumua chombo.

*Onyo:* Usizibe kabisa sanduku la mvuke wala birika lake. Mvuke uliofungiwa hulipuka. Fungua mlango ukiwa umesimama pembeni, kwani mvuke unaotoka huunguza usoni kabla hujauona.

Dalili: fremu imepinda, au kayaki inavuta upande mmoja

Kama ngozi haijavishwa, una bahati. Weka fremu juu ya farasi wawili wa mbao (viegemeo vya fundi vyenye miguu) waliosawazishwa kwa pimamaji. Farasi wasio sawa hupinda fremu iliyonyooka, na wajenzi wengi wamerekebisha kosa ambalo halikuwapo. Vuta uzi kutoka katikati ya hanamu hadi katikati ya fashini; uzi upite juu ya alama ya katikati ya kila mhimili. Kisha laza vijiti viwili vilivyonyooka, vya urefu wa mita moja hivi, kimoja juu ya mbao za ukingo karibu na omo na kingine karibu na tezi. Simama nyuma, funga jicho moja, tazama kama vinalala sambamba. Visipolingana, fremu imejisokota.

Kupima ulinganifu wa pande, chukua umbali kutoka katikati ya hanamu hadi nukta ileile ya ukingo wa kulia na wa kushoto. Tofauti ya milimita 3 haisikiki majini. Ikifika sentimita moja, irekebishe.

Vyanzo, kuanzia kilicho cha kawaida zaidi: mbao mbili za ukingo zilizotoka kwenye mbao tofauti, moja ngumu na nyingine laini, hivyo moja hupinda zaidi ikikazwa. Dawa ya uhakika ni kupasua zote mbili kutoka ubao mmoja, zikatazamana. Cha pili ni ndimi za mihimili (ncha zinazoingia kwenye mbao za ukingo) zilizokatwa bila kulingana, bega moja likiwa limeingia zaidi ya jingine. Cha tatu ni hanamu au fashini iliyofungwa nje ya mstari. Cha nne ni mkuku uliokazwa wakati fremu tayari imejisokota. Mkuku huo huushikilia msokoto usitoke.

Hapa ndipo ufungaji wa uzi unapoonyesha thamani yake. Kata uzi wa mkuku na wa fito, acha ule wa mihimili. Sokota fremu upande wa pili kupita kidogo mstari unaoutaka, ibanie hapo kwa vibanio na uzito, kisha funga upya kuanzia katikati kwenda ncha. Fremu iliyotiwa gundi na skrubu kwenye kila kiungo haiwezi kunyooshwa hivi, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutotia gundi kila mahali.

Kama chombo kimeshavishwa, pima majini kwanza kabla ya kukilaumu. Chagua maji yaliyotulia, piga kafi mara chache kwa nguvu, kisha acha kiteleze chenyewe. Fanya hivyo ukielekea pande mbili zinazopingana, halafu mpe mtu mwingine ajaribu. Kikipinda upande uleule kwake pia, fremu ina kasoro. Kikinyooka kwake, kiti chako kimekaa upande au unapiga kafi bila kulingana. Na kama kinapinda siku ya upepo tu, omo ikigeukia upepo unakotoka, fremu haina kosa: tezi ni nyepesi mno majini. Sogeza kiti nyuma sentimita 2, au hamishia mizigo nyuma. Isiposaidia, funga pezi dogo chini ya tezi. Pezi hilo pia ndilo dawa ya chombo kilichopinda kidogo ambacho hutaki kukifumua.

Dalili: ngozi imelegea au ina mikunjo

Kila kitambaa kina tabia yake, na ukiikosea utahangaika bure. Nailoni hurefuka ikinyonya unyevu na hukaza ikikauka. Kayaki ya nailoni iliyolegea baada ya siku nzima majini haijaharibika. Ikaushe kivulini siku mbili tatu kabla ya kuamua lolote. Poliesta haijali maji, hukazwa kwa joto. Turubai la pamba hukaza likilowa.

Ikiwa kitambaa hakijapakwa kitu na bado kimelegea kikiwa kikavu, kosa kubwa kuliko yote ni kutovuta urefu kwanza. Ngozi ivutwe kutoka omo kwenda tezi kwa nguvu zako zote, iwambwe kwenye ncha, ndipo mshono wa katikati uanze kukaza upana. Wanaoanza na upana hupata mikunjo mirefu ya mshazari isiyoondoka. Chanzo cha pili ni kitambaa kilicholazwa bila kufuata nyuzi zake, kikivutwa mshazari. Cha tatu ni mishono iliyoachana sana. Milimita 6 hadi 10 kati ya tundu na tundu inatosha.

Tiba kwa nailoni: fumua mshono wa katikati, mwagia maji ya moto kitambaa kizima, kivute kikiwa kibichi, shona upya bila kupumzika mahali. Kikikauka kitalia kama ngoma ukikigonga. Kwa poliesta, pitisha pasi ya joto la chini kabisa, kisha pandisha hatua kwa hatua, ukianzia katikati ya kila sehemu kuelekea kwenye fito. Kitambaa kikianza kung'aa au kuwa kigumu chini ya pasi, umefika mwisho, ukiendelea kitayeyuka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada. Usiifanyie nailoni mtindo huo wa poliesta.

Ikiwa tabaka la rangi tayari limekauka juu ya ngozi iliyolegea, mambo ni magumu. Rangi huishikilia ngozi katika hali iliyokuwapo. Mikunjo midogo karibu na pete haipunguzi mwendo wala usalama, na ushauri wetu ni kuiacha. Ngozi inayopigapiga chini ya maji ni jambo jingine: tazama kama ufito umehama au taruma limevunjika, maana ngozi iliyokuwa imekaza hailegei ghafla bila kiunzi kusogea.

Na kinyume chake pia hutokea. Ngozi iliyokazwa kupita kiasi hupinda fito nyembamba ndani kati ya taruma na taruma, na huinua ncha au kuzishusha. Ukisikia mbao ikilia wakati wa kushona, legeza.

Dalili: maji ndani ya kayaki

Thibitisha kwanza kwamba ni mvujo. Maji ya kafi, maji yaliyoingia ulipokuwa ukipanda na yanayopita kwenye sketi iliyolegea (vazi la kiunoni linaloziba tundu la kukalia) hujikusanya kidogokidogo, na kikombe kimoja cha maji kikitikisika huonekana kingi. Acha chombo kielee kitupu, bila mtu, kwa saa nzima. Kikibaki kikavu, ziba sketi, si ngozi. Kumbuka tu kwamba mtu akiketi, mishono ya pembeni hushuka majini, kwa hiyo rudia jaribio kikiwa na mzigo.

Kutafuta tundu, geuza jaribio: kiweke chombo nchi kavu juu ya mikanda mipana, kaushe nje, mimina lita 5 hadi 10 za maji ndani, kisha kiinamishe taratibu upande mmoja baada ya mwingine. Tone litajionyesha nje. Lita 10 ni kilo 10. Usikishike kwenye ncha peke yake kikiwa na maji.

Mahali pa kutazama, kwa mpangilio wa uwezekano: matundu ya mshono wa katikati, hasa omo na tezi ambako kitambaa hujikunja tabaka juu ya tabaka, mishono inayozunguka pete, matundu ya kamba za sitaha, mstari wa mkuku na fito za ubavuni, ambako mchanga wa ufukweni husugua kutoka nje na punje zilizoingia husugua kutoka ndani, na mwisho vitundu vya sindano kwenye kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba.

Mshono unaovuja huzibwa hivi: osha kwa maji yasiyo na chumvi, kaushe kabisa, piga msasa namba 120 hadi rangi ipoteze mng'ao, futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, kisha ingiza rangi ileile kwa brashi fupi ngumu, ukiisukuma ndani ya matundu. Ongeza tabaka mbili. Kupaka juu juu kwa brashi laini hufunika tundu bila kuliziba, na ndiyo sababu mvujo hurudi.

Mchaniko wa kitambaa ushonwe kwanza kwa mshono wa karibu karibu, kisha ufunikwe kiraka cha kitambaa kilekile kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande. Kata pembe za kiraka ziwe za mviringo, kwani pembe kali huinuka. Ukiwa safarini, utepe mpana wa gundi juu ya eneo lililokaushwa vizuri utakufikisha pwani. Kama mchaniko umekaa juu ya ufito, pitisha mkono ndani uukague ufito huo. Ukiwa umevunjika, kiraka hakitadumu hadi uufunge kipande cha kuuimarisha.

Simama na utafute fundi wa vyombo ikiwa mshono wa katikati umefumuka kwa zaidi ya urefu wa mkono, au ubao wa ukingo umepasuka. Chombo cha namna hiyo kisishushwe majini.

Dalili: rangi au tabaka la juu linanata, lina mapovu au linabanduka

Rangi ya poliyurethani ya sehemu mbili, zinazochanganywa kabla ya kupaka, ndiyo inayotumika sana, na ndiyo yenye malalamiko mengi. Ikinata baada ya siku tatu, uwiano ulikosewa au mchanganyiko haukukorogwa hadi pembe za kopo. Soma kama uwiano umetajwa kwa uzito au kwa ujazo. Viwili hivyo havifanani. Rangi inayonata haitakauka kwa kuongezewa tabaka jingine. Ikwangue yote.

Mapovu huletwa zaidi na joto linalopanda: hewa iliyomo kwenye kitambaa hutanuka na kusukuma rangi ambayo bado laini. Paka joto likishuka, lakini mapema kiasi cha kutofikiwa na umande, kwa kuwa unyevu nao huleta mapovu na utando mweupe. Kukoroga kwa kasi huingiza hewa pia.

Kubanduka hutokana na mafuta ya kiwandani yaliyobaki kwenye kitambaa, au na tabaka lililopakwa juu ya lililokwisha kukomaa bila msasa. Mchanganyiko wa aina mbili za rangi zisizopatana ni chanzo cha tatu. Jaribu kwenye kipande kabla ya chombo kizima.

*Onyo, na hili lichukuliwe kwa uzito wote:* rangi nyingi za sehemu mbili zina isosianati, kemikali inayoweza kuufanya mwili uikatae moja kwa moja na kuleta pumu. Barakoa ya vumbi haizuii kitu. Fanya kazi nje au penye hewa inayopita, vaa glavu, mikono mirefu na kinyago chenye vichujio vya mvuke wa kemikali vilivyotajwa na mtengenezaji wa rangi. Usiinyunyize kwa pampu. Mwenye pumu asiiguse kabisa. Ukikohoa, kifua kikibana au pumzi ikipiga filimbi, hata saa kadhaa baadaye, acha kazi na umwone daktari. Usirudi kwenye rangi hiyo kwa kuwa dalili zimepoa.

Wanaopaka mafuta ya kitani kwenye fremu wana hatari yao: matambara yaliyolowa mafuta hayo na kukunjwa pamoja huweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke, au yaweke kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Dalili: fremu inalia au viungo vinacheza

Mlio mdogo kwenye mawimbi ni wa kawaida. Kiunzi hiki kimeundwa kijongee. Kiungo kinachocheza ukikishika kwa vidole si cha kawaida. Mara nyingi mataruma yaliyokunjwa yakiwa mabichi yamekauka na kusinyaa, uzi ukabaki umelegea. Ndiyo maana ni vyema fremu ikae wiki mbili kabla ya kuvishwa, kisha kila kifungo kikaguliwe. Vyanzo vingine ni uzi usio na nta uliorefuka, au fundo lililoteleza.

Kufunga upya, zungusha uzi mara tatu au nne kwenye kiungo, kisha zungusha mara mbili katikati ya mbao hizo ukibana mizunguko ya kwanza. Mizunguko hiyo ya katikati ndiyo inayokaza, wengi huisahau. Usimimine gundi ya epoksi juu ya kifungo kilicholegea. Hugeuza kiungo kinachojongea kuwa kigumu, na nguvu huhamia kwenye taruma lililo jirani, likavunjika.

Dalili: kayaki inayumba mno

Kiti kilichoinuka ndicho chanzo cha kwanza. Kushuka sentimita 2 hubadilisha chombo kizima, kwa hiyo ondoa mito minene ukae juu ya mkeka mwembamba uliolala kwenye mataruma. Chanzo cha pili ni chombo chepesi kuliko kilivyokusudiwa. Jaribu kufunga kilo 5 hadi 10 za mzigo chini kabisa, karibu na mkuku. Cha tatu ni vipimo. Kwa desturi ya Greenland chombo hupimwa kwa mwili wa mwenyewe: urefu wa karibu pima tatu (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na upana wa nyonga ukiongezwa ngumi mbili. Kayaki iliyojengwa kwa mwili wa mtu mwingine haitatulia kwako, na upana hauwezi kuongezwa baada ya mihimili kukatwa. Hapo hujengwa fremu nyingine.

Jaribio la kwanza lifanyike kwenye maji ya kiunoni, ukiwa na jaketi okozi na mtu wa kukusimamia, mifuko ya hewa ikiwa imejazwa omo na tezi. Kayaki hii haina vyumba vilivyozibwa. Bila mifuko hiyo ikijaa maji huzama hadi isiweze kumwagwa. Kabla ya kufunga sketi, pindua chombo kwa makusudi utoke. Kama mapaja yananaswa na mhimili au pete na huwezi kutoka kwa pumzi moja bila msaada, usikipeleke penye kina hadi mhimili huo ukatwe upya au pete ipanuliwe.

Dalili: sketi inachomoka, pete inapasuka

Mdomo wa pete ukiwa mwembamba, mpira wa sketi hauna pa kushika. Ongeza ufito uliokunjwa kuzunguka nje ili mdomo utokeze milimita 12 hadi 20. Pete hupasuka kwenye kiungo chake kama kimekatwa kifupi. Mshazari wake uwe angalau mara nane ya unene wa mbao, utiwe gundi isiyoharibiwa na maji, kisha ushonwe au uzungushiwe uzi.

Dalili: harufu ya ukungu, madoa meusi kwenye mbao

Maji ya mvua au ya baharini yameachwa ndani. Suuza ndani kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari, geuza chombo kifudifudi kikae juu ya mbao za ukingo, pete ikiwa wazi, kivulini na penye hewa. Usikifunge turubai la plastiki. Madoa ya juu hutoka kwa msasa na tabaka jipya la mafuta, lakini choma mbao kwa ncha ya kisu: ikizama kwa urahisi, imeoza, na taruma au ufito huo ni wa kubadilishwa. Ikiwa ni ubao wa ukingo uliooza kwenye tundu la mhimili, mpe fundi autazame kabla hujakata kitu.